Chombo cha Maua cha Posa

Miaka ile ya ruksa, sabuni na kanga zilipoanza kujaa tena madukani, mwenye duka mmoja wa Kibiti aliniposa kwa chombo cha maua cha kauri. Kililetwa kwetu Mbuchi ndani ya boksi la majani makavu. Mimi nilikuwa mwali, nimewekwa ndani, siruhusiwi hata kuchungulia uani.

Baba alitaka niende sekondari, maana nilikuwa nimechaguliwa. Dada yake, shangazi yangu, alitaka niolewe. Walivutana, mwishowe wakakubaliana chombo kikae chumbani kwangu mpaka baba amalize kuvuna mpunga na kutoa jibu. Kikirudishwa kama kilivyokuja, posa imekataliwa. Kikishatumika, imekubaliwa.

"Chema chajiuza," shangazi aliniambia akikiweka mezani.

Kama chajiuza, mbona kimetembezwa mpaka chumbani kwangu? Lakini mwali hajibu. 

Nilikichukia. Nikakipa mgongo siku nzima, ila chumba kile kilikuwa na kitanda, meza, mtungi wa maji na kidirisha cha juu kisichofikika, utatazama nini? Nikageuka. Shingo yake ilikuwa nyembamba, kisha kilitanuka taratibu mpaka tumboni, kikajibana tena chini. Kilikuwa cha baridi na laini, isipokuwa kitako, kilichokwaruza kidole kama chungu chetu cha kupikia. Majani ya buluu yalikizunguka. Jani moja lilikuwa na mkia: brashi ilimteleza mchoraji, naye akaugeuza mkia ule kuwa kikonyo cha jani jingine. Nilicheka peke yangu. Yeye alikosea na bado akapata pa kutokea. Mimi pangu sikupaona, ila nilijua pakiwapo, patakuwa pale chombo kitakapotoka kikiwa kikavu na kitupu.

Asubuhi moja bibi alinipitishia asumini za kuvaa nywelani. Nimvalie nani, kuta? Nikachota maji mtungini, nikamimina, nikazipanga asumini mdomoni mwa chombo. Wallahi sikuwaza posa. Nilitaka tu kukiona kimekamilika, na weupe ule juu ya buluu ile uliniliza.

Shangazi aliingia na uji. Alisimama, akatazama, akaweka bakuli chini.

"Mwali kajibu mwenyewe," alisema.

"Siyo hivyo, shangazi. Nilikuwa natazama tu. Mimi nataka shule."

"Hizo ni haya tu, mwanangu," akanishika shavu kwa upole. "Sote tulisema hivyo hivyo."

Akatoka kwenda kwa baba. Nilitaka kupiga kelele, lakini sauti ya mwali haivuki mlango. Nikatoa maua, nikamwaga maji, nikakifuta chombo kwa kanga yangu ndani na nje, mpaka kikakauka kabisa. Nikakirudisha kwenye boksi na majani yake makavu, nikafunga.

Nilikuwa bado nakaza kamba vigelegele vilipoanza uani.