Sam'a ya Bwana Khalfan Haikulia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la silaha kule Sur, sikupewa hata bisibisi. Mkuu wa warsha alinipa kurunzi ndogo na kitambaa, akaniweka mbele ya safu ya bunduki zilizofunguliwa. "Tazama ndani," akasema. Nikatazama tangu asubuhi mpaka adhuhuri, jicho linaniwasha, shingo imekakamaa. Nilipokwenda kumwambia nimemaliza, akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamjibu, "Mitutu, bwana mkubwa." Akacheka mpaka akakohoa. "Mitutu hata mbuzi anaiona! Rudi ukatazame!"

Nyinyi vijana mnaoniandikia kwenye simu mkitaka siri za ufundi, siri ndiyo hiyo, hapana nyingine. Mtutu una mifereji ndani, inayoizungusha risasi. Nyuma ya mtutu kuna chumba cha risasi, na baruti inalipukia humo. Chumba kikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, iko siku bunduki itamrudia mwenyewe usoni. Kwa hivyo warsha yetu ilikuwa na desturi: bunduki yenye ufa hufungwa uzi mwekundu karibu na kifyatuo. Maana yake ni ya kutundika ukutani, haipigwi tena. "Ukishaufunga uzi," mkuu wa Sur alikuwa akituambia, "hata akija nani, haufunguliwi."

Baadaye nikahamishiwa Ibra, na huko ndiko nilikochoshwa roho. Raia walileta bunduki zao za urithi zikaguliwe. Nyingi zilikuwa sam'a, bunduki ya zamani ya Kiingereza inayokula risasi moja moja: unashusha mkono wa chini, unatia risasi, unaupandisha, basi. Watu wa huku wanaipenda sam'a kuliko magari yao. Wanaume wakijipanga kwa razha, ile ngoma ya panga na bunduki, harusi bila ya sam'a kulia si harusi. Na kila mwenye nayo, wallahi kila mmoja, aliniuliza swali lile lile: "Fundi, kwa nini kiwanda hakiitengenezi tena?" Huyu anataka irudi lakini iwe nyepesi. Yule anataka iweze kula risasi za kisasa. Mwengine anataka itoke kiwandani na mapambo yake ya fedha kitakoni! Jamani, mimi nina kiwanda? Mimi nilikuwa na tupa na chupa ya mafuta.

Akaja Bwana Khalfan, mfugaji kutoka wilaya ya Dima wa Tayyin, na sam'a ya babu yake kaifunga katika shuka. Mwanawe wa pekee alikuwa anaoa wiki ile. Nikatia kurunzi, nikatazama. Ufa huo, chumbani, umelala kwa urefu.

"Bwana Khalfan, hii imekufa," nikamwambia.

"Imekufa vipi, na Idi ililia?"

"Ililia kwa bahati yako. Naifunga uzi."

Akanishika mkono. "Fundi Nassor, nakuomba. Uzi watu wote watauona kwenye razha. Watasema bunduki ya babu yake Khalfan imekuwa pambo. Mwanangu wa pekee huyo, fundi!"

"Azima nyengine basi."

"Niazime? Mimi? Siku ya harusi ya mwanangu?"

Nikamwambia mara tatu kwamba itamuua. Mara tatu akaniapia kuwa ataishika tu mkononi, hataipiga. Viapo hivyo nilivijua, maana nimevisikia kwa wengi, na baruti ikishanukia hakuna anayevikumbuka. Huku mkuu wa Ibra, mtu wa kalamu asiyejua bunduki inafunguliwa wapi, ananipigia kelele kutoka ofisini: "Nassor! Mridhishe mzee, watu wamejaa mpaka nje!"

Basi nikafanya jambo ambalo mkuu wa Sur angenifukuza kazi kwalo. Nikaingia ndani na ile bunduki, nikasaga ncha ya msumari, kile chuma kinachogonga kitako cha risasi, ili uanguke lakini usiifikie. Nikamrudishia bunduki yake bila ya uzi na bila ya neno. Akaniombea dua za heri. Nami, mjinga mimi, nikajiona hodari.

Alinialika harusini, nikaenda. Safu mbili zikajipanga, ngoma ikapamba moto, bunduki za wakwe zikalia moja baada ya moja. Bwana Khalfan akatoka mbele, akainua sam'a juu. Ta! Kama mlango wa kabati. Akashusha mkono wa bunduki, akaupandisha tena. Ta! Upande wa wakwe mtu akapaza sauti, "Mleteeni kahawa, bunduki ya Khalfan ina usingizi!" Watu wakaangua kicheko, na bwana harusi akainamisha kichwa. Bwana Khalfan hakuitazama bunduki. Alinitazama mimi.

Asubuhi yake alikuwa mlangoni mwa warsha kabla yangu.

"Ulinifanya mtoto," akasema.

Nikapandwa na hasira. Nikaifungua ile sam'a, nikamshikisha kurunzi. "Tazama! Hebu tazama! Ingekutoa macho hii!"

Akatazama kwa muda mrefu. Akanirudishia kurunzi.

"Nimeuona," akasema. "Na siku ile ungeweza kunionesha."

"Nilikwambia mara tatu!"

"Ulisema. Kurunzi hukunipa. Ningeuona kwa jicho langu, uzi ningeufunga mwenyewe, na hasira zangu ningezimalizia nyumbani kwangu."

Ningeufunga mwenyewe! Mpaka leo sijui kama angeufunga. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba sitajua. Miaka yote ile nimefundishwa kutazama, na sikumpa mtu aliyekuwa akiishika bunduki hiyo nafasi ya kutazama hata mara moja.

Sasa nimestaafu, niko Nizwa. Kila Ijumaa nikienda sokoni wananizunguka wapenzi wa bunduki na simu zao. Injinia mmoja wa Bahla, mtu mzima na ndevu zake, ana orodha nzima ya bunduki anazotaka viwanda vizifufue, na sam'a iko juu kabisa: chuma kipya, sura ile ile. Juzi akaniuliza, "Na wewe, mzee wangu, ungetaka wafufue ipi?"

"Hakuna!" nikamwambia. "Niache ninywe kahawa yangu."

Nilisema uongo. Nataka sam'a moja, moja tu, mtutu mzima na chumba kizima. Ningeipeleka Dima wa Tayyin mwenyewe, na kurunzi juu yake, nimwambie Bwana Khalfan: tazama.

Siku chache kabla ya Idi iliyopita nilimkuta soko la mbuzi. Nikamwendea, nikatoa salamu, nikanyoosha mkono. Salamu aliitikia, dini ndiyo dini. Mkono hakuupokea. Alinitazama tu, kwa macho yake yote mawili, mazima, akamvuta mbuzi wake akaenda zake.