Nilivyompa fundi nusu ya somo
Leo nimemwaibisha baba gereji.

Fundi alikuwa ametengeneza kishikilia bodi cha pikapu yetu ya kubebea pamba, kwa chuma cha springi kuukuu. Akakitoa motoni, akataka kukifukia kwenye majivu kipoe taratibu.

Nikadakia, "Kitie kwenye maji, fundi. Kitakuwa kigumu zaidi. Tumefundishwa."

Baba akacheka. "Msikilize, huyu anasoma sayansi."

Fundi akakitumbukiza. Alipokijaribu kwa nyundo, kikakatika vipande viwili.

Akaniuliza kwa upole, akiniita mama kwa Kisukuma, "Na baada ya maji, mayu, walisema nini?"

Nilisoma mpaka hapo tu, jamani.

"Kinarudishwa motoni kidogo, kisivunjike," fundi akanielekeza.

Akakata chuma kingine, akanipa mimi koleo.

Baba hajanisemesha mpaka sasa.

Ningeanzaje kumwomba radhi?