Pikapu iliyokuwa ikivuta pumzi: tulivyokwama kwenye ukungu tukimpeleka mama Kasulu

Wakuu, kabla sijaona chochote asubuhi ile, nilisikia mtu akivuta pumzi nyuma ya kiti changu.

Ndefu, nyembamba. Kama mtu aliyelia mpaka sauti ikakauka, sasa anavuta hewa kupitia meno.

Nikamgeukia mama. Alikuwa ameegemea bega langu, mdomo wazi, pumu imembana tangu jana yake. Lakini sauti haikutoka kwake. Ilitoka nyuma yetu, na nyuma yetu palikuwa na bati na kidirisha kidogo tu.

Haya hayana chumvi. Aliyekuwa ameshika usukani, Baba Mdogo, yumo humu jukwaani. Nikiongopa atanisuta.

Ilikuwa tisini na saba. Tulitoka Kitahana, Kibondo, alfajiri. Dawa ya mama ilikuwa imekwisha, na daktari anayemtibu yuko Kasulu. Usafiri ulikuwa pikapu ya petroli ya Baba Mdogo, gari lililonizidi umri, lenye mlango usiokubali kufunga mpaka uubamize.

Kila baada ya kilomita chache lilikohoa mara mbili, likanyamaza. Ukisubiri robo saa linawaka kama halikuwa na neno.

Na kila liliponyamaza, pumzi ile ilikuja.

Wenye magari ya kabureta mtanielewa. Baba Mdogo alianza na moto: akachomoa waya wa plagi, cheche ikaruka ya bluu, safi. Akasugua platini, vile vyuma vinavyokata na kuunga moto wa plagi, kwa msasa. Akafungua kabureta, bakuli lake kavu kabisa. Akapuliza bomba la mafuta kwa mdomo mpaka macho yakamtoka.

Tanki limejaa, kabureta kavu. Hapo ndipo tungejiuliza vizuri. Hatukujiuliza.

Mara ya tatu lilizima kwenye mteremko kabla ya Makere. Ukungu ulikuwa mzito, mwisho wa boneti hauonekani. Tukasikia nyayo. Watu wengi wanapita kandokando ya barabara, hakuna anayeongea. Mwaka ule wakimbizi walipita hivyo kila siku, na godoro kichwani. Ila huwaoni, unasikia miguu tu.

Pumzi ikaja tena. Nyayo zikasimama. Kisha zikaenda kasi zaidi.

Baba Mdogo akaweka spana chini polepole.

"Hili si la spana," akanong'ona. "Tugeuze."

"Tugeuze twende wapi, Baba Mdogo? Dawa iko Kasulu!"

"Husikii? Kuna mtu humu."

Mama hakuweza kusema. Akanibana mkono. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Basi akatokea mwanamke kwenye ukungu, dumu la mawese kichwani, kitenge kimeloa mpaka magotini. Kiswahili chake cha Kongo.

"Jambo, baba. Nani analia hapa?"

Akamtazama mama dirishani, akatikisa kichwa. Akaenda nyuma ya kiti, kwa nje, akaweka sikio kwenye bati, palipo na tanki. Akasikiliza mpaka pumzi ikaisha.

"Mulifunga hapa na nini?"

Baba Mdogo, pamoja na woga wake, akajisifu. "Kifuniko kilipotea. Nikachonga mti, nikauzungushia mpira wa tyubu, nikaupigilia kwa nyundo. Tone halimwagiki!"

Yule mwanamke akacheka.

"Baba, weye umenyonga gari. Mafuta haitoki kama hewa haiingii. Hata mawese: toboa dumu tundu moja, uone kama itamwagika. Lazima mbili. Moja ya mafuta, moja ya pumuzi."

Akachukua spana mwenyewe, akaupigapiga mti ule pembeni mpaka ukalegea. Ulipochomoka, tanki lilivuta hewa kwa kishindo, hata mama akafumbua macho.

Tukafunga kitambaa badala ya mti. Gari likawaka. Halikuzima tena mpaka Kasulu, na mama alipata dawa kabla ya mchana.

Somo nililobaki nalo, wakuu: gari likizima na likawaka baada ya kupumzika, fungua kifuniko cha tanki kwanza kabla hujamaliza plagi na fedha. Ukisikia linavuta hewa, umeupata ugonjwa. Na usizibe tanki kwa ufundi wa kujisifia. Mwenye kisa kama hiki akiweke hapa chini, hasa nyie wa magari ya zamani. Baba Mdogo, na wewe jitetee.

Ila kuna kitu sijasema.

Yule mwanamke tulimpa lifti. Mimi nikapanda nyuma, yeye akakaa na mama, akamshika mgongo njia nzima ili asilale chali. Kupitia kidirisha cha nyuma niliona midomo yake ikisema, na baadaye mama ndiye aliyenieleza alichokuwa akisema.

Walipokimbia kwao Kongo, mama yake mzazi aliishiwa nguvu porini. Wakamwacha chini ya mti, anapumua vile vile. Tangu siku hiyo akiwa njiani huisikia pumzi ile nyuma yake, na hajawahi kugeuka.

"Leo nikasema, nageuka," alimwambia mama.

Makere alishuka, kwenye njia ya kambini. Akajitwika dumu. Baba Mdogo akamwambia aubamize mlango, haufungi.

Hakuubamiza. Aliusukuma kwa mikono miwili, polepole, kama wa chumba alicholala mgonjwa.

Ukafunga.