Fundi wa Kambarage anayepika rubi uani kwake

Shinyanga. Ni Jumamosi saa nane mchana, na uani kwa Asteria Mayala, mtaa wa Kambarage, nyundo ndogo inagonga kopo la bati. Kila inapogonga, unga mweupe unapita kwenye chekeche, unashuka ndani ya bomba na kukutana na mwali wa gesi na oksijeni. Chini ya mwali, juu ya kijiti cha udongo, kuna kitone kinachowaka, kikubwa kama punje ya harage.

"Usikiangalie bila miwani," anasema bila kugeuka. "Na usinisemeshe mpaka kifike unene wa kidole."

Kinachoota pale ni rubi. Rubi kwelikweli, nyekundu na ngumu kama ile ya ardhini, ila hii haijachimbwa na mtu.

Asteria, 47, ni fundi wa kuchomelea. Katikati ya wiki anatengeneza mageti na makarasha, zile mashine za kuvunjia mawe ya dhahabu, anazoletewa na wachimbaji wa Geita na Mbogwe. Siku nzuri humwachia Sh40,000. Siku mbaya anarudi ndani na harufu ya moshi tu. Jumamosi mchana hachukui kazi ya mtu.

Alizaliwa karibu na Masumbwe. Mama yake aliponda mawe ya dhahabu kwa nyundo hadi vidole vikapinda. "Nilimwambia mayu, mimi nitashika moto, siyo nyundo," anasema, akimwita mama yake kwa Kisukuma. "Sasa nimeshika vyote viwili."

Habari ya rubi ilianza mwaka 2019 kwenye duka la sonara mmoja mjini, Mzee Ignas, alikokwenda kumrekebishia mtungi wa gesi. Mzee alikuwa amefungua saa kuukuu ya mkononi. Ndani yake kulikuwa na rubi nyekundu, ndogo kama mbegu za mchicha.

"Nikamuuliza, shikamoo mzee, hizi zinachimbwa wapi? Akaniambia hazichimbwi, zinapikwa kwa moto. Nikarudi nyumbani sina raha. Moto si ndiyo kazi yangu?"

Mdogo wake, Rebeka, ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja upande wa Ibadakuli. Yeye ndiye aliyemweleza kwamba rubi ni alumina, unga mweupe usio na maajabu, uliotiwa chembe za kromu. Kitu kilichomshangaza Asteria ni kwamba unga wa kromu wenyewe ni wa kijani.

"Unatia kijani, unapata nyekundu," anasema na kucheka. "Nilidhani Rebeka ananitania."

Haikuwa rahisi. Gesi ya kuchomelea iliacha masizi na mawe yakatoka meusi, akahamia gesi ya kupikia. Mengine yaliiva vizuri, kisha yakapasuka katikati yalipokuwa yakipoa. Mumewe, Adam, dereva wa lori, alihesabu mawe 63 yaliyoharibika.

"Nilimwambia aache," anasema Adam. "Jiwe la sitini na nne likatoka zima."

Jambo lililombadilisha Asteria lilitokea mwaka 2022. Dalali aliyemfahamu, Charles, alifika uani akaomba jiwe moja akamwonyeshe mkewe. Asteria alimpa bure.

Wiki tatu baadaye mama mmoja alibisha hodi. Alikuwa Hosiana, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Masumbwe. Alikuwa amenunua rubi kwa Sh1.8 milioni, akiamini imetoka mgodini, na ndani ya fedha hiyo kulikuwa na bei ya ng'ombe wawili. Alikuwa ametoka kwa Mzee Ignas kupima thamani yake. Mzee hakutaka kusema mengi, alimwelekeza tu Kambarage.

Alifungua leso. Asteria alilitambua jiwe kabla hajalishika.

"Ningeweza kusema silijui," anasema. "Hakuna aliyeniona nikilitoa. Lakini yule mama alikuwa amekaa hapo kwenye ndoo, miguu ina vumbi la safari. Nikamwambia, mama, jiwe hili nimelipika mimi. Thamani yake ni gesi niliyochoma."

Hosiana anakumbuka kwamba hakulia. "Nilimuuliza, dada, utasema hivyo mbele ya polisi? Akavua aproni, akasema twende."

Walianzia kwa Charles. Yeye hakukana. Alimvuta Asteria pembeni na kumpa shauri: "Dada, wewe pika, mimi niuze. Ndani ya mwaka unajenga ghorofa."

Asteria alikataa, akaenda na Hosiana kituoni kuandika maelezo. Fedha zote zilirudi siku nne baadaye.

Wema huo ulimgharimu. Habari zilizagaa kwamba Kambarage kuna mwanamke anayetengeneza madini feki. Wachimbaji waliogopa kumpelekea makarasha, wakidhani atayachezea. Kwa miezi mitatu aliishi kwa kuziba masufuria.

Hakufunga ua wake. Aliufungua. Aliwaita madalali na masonara Jumamosi moja, akawasha moto mbele yao, kisha akawapa kioo cha kukuzia. "Angalieni ndani," aliwaambia. "Jiwe langu lina mistari iliyopinda kama upinde, na viputo vya hewa. La ardhini mistari yake imenyooka."

Tangu siku hiyo wateja wa makarasha walirudi, na wapya wakaja. Masele, mnunuzi wa madini mwenye uzoefu wa miaka kumi na minane, sasa hanunui jiwe jekundu kabla halijapita mikononi mwa Asteria. "Wabeja sana kwake," anasema, akimshukuru kwa Kisukuma. "Mwaka jana pekee ameniokoa mara mbili."

Asteria hauzi mawe yake. Kila moja analichongea alama ya herufi A chini, na anaandika tarehe yake kwenye daftari. Anayo 41, kwenye kopo la maziwa ya unga.

Mwezi ujao anakusudia kwenda Masumbwe na mawe kumi, matano ya ardhini aliyoazimwa na Masele na matano yake, akae sokoni siku nzima kuwafundisha wanunuzi kuyatofautisha. Hosiana amekwisha kumtengea nafasi kwenye kibanda chake cha mpunga.

Baada ya hapo anataka kupika safaya, jiwe la bluu. Amejaribu mara tisa, na zote zimetoka za kijivu.

"Rebeka anasema kasoro ni titani, unga unaotia bluu, naweka nyingi mno," anasema huku akichekecha unga mpya. "Nitapunguza kidogo kidogo mpaka bluu itoke."