Soksi ya Filta

Mimi kelele sizipendi. Nimekulia Kilema, kwenye migomba, ambako ng'ombe akikohoa jirani anasikia. Kwa hiyo siku mume wangu alipoingia uani kwetu Soweto, huku mjini, na filta ya hewa ya gari, ile ya sport, nyekundu kama nyanya, nilimuuliza kama akili zake ni timamu. Mtu ana miaka hamsini na nne, gari lenyewe kuukuu, anataka lingurume kama la vijana!

"Mke wangu, injini inataka kupumua," akanijibu.

Akavua shati, akafungua boneti, akang'oa boksi jeusi la filta ya kiwandani na kulitupia stoo. Bomba jipya akalishusha mpaka nyuma ya bampa, chini kabisa, eti huko ndiko kuna hewa ya baridi ya mlima. Alipowasha na kukanyaga mafuta, gari likavuta pumzi, vuuuu, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Alicheka hadi machozi. Mimi nikaingia ndani nikafunga dirisha.

Masika ilipoanza tulipanda Kilema kuwaona wazee. Mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, ulikuwa umefurika ukakata barabara. Maji hayakufika hata magotini, na zamani tungepita tu. Lakini mdomo wa bomba ulikuwa chini, ukafyonza maji badala ya hewa, injini ikakohoa mara moja ikanyamaza. Bahati yake dereva wa nyuma alimpigia kelele asiwashe tena, maana angevunja kila kitu humo ndani. Nilipanda kwa miguu kwenye tope na viatu vyangu vya kanisani, na kwa siku tatu sikumsemesha.

Siku ya nne akaja jikoni ameshika jani la isale. Sisi Wachagga, mtu akikujia na isale anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia hata awe amekukosea nini. Watu hupelekeana isale kwa ugomvi wa mashamba, ugomvi wa kumwaga damu. Huyu wangu ananiletea kwa ajili ya filta! Jamani, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nikalipokea, ila kwa sharti kwamba lile bomba lipande juu. Akalipandisha hadi usawa wa taa, akakata bati la debe akaliweka chini yake lizuie maji yanayorushwa na matairi. Mimi ni fundi cherehani, nikatafuta kitambaa. Mume wangu akapuliza vitambaa vitatu kwa mdomo, kimoja kimoja, kuona kipi kinapitisha hewa, hadi tukachagua mkono wa koti la mitumba, yale ya wapanda mlima. Ulipitisha pumzi, lakini tone la maji likateleza. Nikaushona kuwa soksi, tukaivalisha filta.

Tangu hapo, kila akirudi, nilikuwa namsikia akiwa bado kwenye kona ya barabara kuu. Vuuuu. Nikibandika birika wakati huo, anapofika mlangoni chai imechemka, na mimi nimeshatia vijiko vitatu vya sukari, maana kuhusu sukari alikuwa hasikii la mtu. Nililalamikia ile kelele kila siku. Kwamba nilikuwa naingoja, sikuwahi kumwambia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka jana tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo wao huko Kilema. Watoto wako mbali, wanapiga simu Jumapili. Kila Jumamosi naendesha mwenyewe kwenda kaburini, napalilia, nakaa, narudi. Lakini ukiwa ndani ya gari mlio ule si ule. Unanguruma mbele yako tu, hakuna anayekuja. Nikifika nyumbani nakuta birika la baridi.

Masika ya mwaka huu fundi wangu wa gari, mtu mzima mwenzangu, alifungua boneti akatikisa kichwa. Soksi ilikuwa imechanika, bati limeoza kwa kutu.

"Mama, tuitoe hii, turudishe boksi la kiwandani. Injini hii ikinywa maji tena, ndiyo basi."

Alisema kweli, na bila gari kihambani sifiki, magoti yangu nayajua. Lakini boksi likirudi, ule mlio ndio umekwenda. Nikamwambia, ngoja kwanza. Lile koti lilikuwa na mkono wa pili. Nikashona soksi nyingine, yeye akafunga bati jipya na kukaza klipu zote. Mvua ikanyesha usiku kucha.

Asubuhi nikampa funguo. "Zunguka mpaka barabara kuu, pita kwenye madimbwi yote. Filta ikilowa, rudisha boksi lako."

Akaondoka. Nikabaki jikoni, nikafungua dirisha.

Nikamsikia kwenye kona. Vuuuu. Mkono wangu ukashika birika kabla sijafikiri. Nilijua ni nani anayeendesha, nilijua kabisa, na bado nikashusha kikombe kikubwa cha mume wangu kutoka kabatini.

Fundi akaja mlangoni, soksi mkononi. "Mama, ndani kukavu kabisa."

Nikamkaribisha chai. Akaonja, akakunja uso.

"Mama, mbona sukari nyingi hivi?"

"Kunywa hivyo hivyo," nikamwambia. "Hapa ndivyo inavyonywewa."