Bunduki ya Mkono wa Kulia

Bunduki niliyomnunulia binti yangu ilikuwa nzuri, na hilo hakuna wa kunibishia. Nilisoma majarida ya walenga shabaha mwezi mzima, mimi mtu wa maabara nisiyewahi kushika hata manati. Nilijua mtutu mzito unasaidia nini, nilijua darubini ipi haidanganyi kwa yadi mia sita. Nilikosea kitu kimoja tu, na kitu hicho niliambiwa.

Mimi na mama yake tulikuwa tumeachana. Yeye alihamia Alief, kule Houston, mimi nikabaki Arlington. Binti tulikabidhiana kwenye kituo cha mafuta katikati ya safari, mara mbili kwa mwezi, kama kifurushi. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake alishaniambia kwa simu, bila hata kupandisha sauti: "Akifika kumi na sita ataamua mwenyewe kama anataka kuja kwako. Mimi simlazimishi tena." Nilikaa ndani ya gari nikashindwa kuliwasha. Nilibakiwa na miezi mitano, na mtoto alikuwa anakuja kwangu na vile vidude vya muziki masikioni. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, neno moja moja.

Kilichomfungua mdomo ni shabaha. Familia ya rafiki yake walimpeleka uwanjani huko Houston, wakamwazima bunduki ya mama wa yule rafiki, akarudi anaongea kama redio. Unalala kifudifudi, unapumua nusu, unasubiri upepo utulie, unafyatua. Kulikuwa na mashindano ya vijana yanakuja huku kwetu, yadi mia sita. Nikadakia: "Ya kwako nitakununulia mimi." Akanikumbatia. Yarabi, ni miaka mingapi sijakumbatiwa na yule mtoto!

Siku ya kwenda dukani alirudi garini kuchukua sweta, akafunga milango, akanirushia funguo kutoka mbali. Nikazidaka. Akautazama mkono wangu, akatabasamu.

Muuzaji alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, mtu wa taratibu. Alimwambia binti anyooshe mikono yote miwili, aache kitundu kidogo katikati ya viganja, aitazame saa ya ukutani kupitia hapo, kisha afunge macho moja moja. Saa ilibaki kuonekana kwa jicho la kushoto tu. "Huyu ni wa kushoto, jicho na mkono," mzee akaniambia. "Mpe yenye bolti, hiki kikono cha kukokia, upande wa kushoto." Akaitoa moja. Binti akaiegemeza kwenye bega la kushoto, akatulia nayo tuli.

Mimi nikasema ng'o!

Kwetu Tanga mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo haitajwi watu wakiwa mezani. Hutoi nao, hupokei nao. Nyumbani kwangu kila chakula kilikuwa vita, yeye na uma wake kushoto, mimi "Mkono! Mkono!" mpaka wali unapoa. Bibi yangu alinifunga wa kwangu, wa kushoto, kwa kipande cha kanga, asubuhi hadi jioni, mwaka mzima. Samaki mkunje angali mbichi. "Atazoea," nikamjibu yule mzee. "Mimi mbona nilizoea."

"Jicho halizoei, bwana," akasema.

Nikapandwa na hasira. Nani huyu wa kunifundisha kulea? Nikachagua ya kulia. Binti akasema, "Okay, Dad," akarudisha vidude vyake masikioni.

Basi tukaanza mazoezi. Analaza shavu upande usio wake, anafumba jicho linaloona, analenga kwa lile jingine. Risasi zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Mimi nyuma yake: ongeza bidii, ongeza bidii. Nilijua. Wallahi nilijua tangu wikiendi ya pili, na usingizi ukanihama. Lakini kuirudisha ile bunduki kulikuwa sawa na kumwambia mtoto kwamba zile kelele zote za mezani zilikuwa za bure, na mimi mdomo wangu ulikataa. Kila Jumapili nilimrudisha kituo cha mafuta akiwa kimya zaidi ya alivyokuja. Nikawa nahesabu zilizobaki: nne, tatu, mbili.

Siku ya mashindano wazazi tulisimama nyuma ya mstari. Kule mbali, watu walio ndani ya handaki huishusha shabaha kila risasi inapopigwa, wanaweka alama kwenye tundu, wanaipandisha tena. Ya kwake ilipanda haina alama. Ya pili, vilevile. Ya tatu. Nikaona mgongo wake unatetemeka. Nikapiga kelele kwa Kiswahili mbele ya Wamarekani wote: "Hamia kushoto, mama! Tumia kushoto! Baba amekosea!"

Msimamizi akanishika bega. Binti hakugeuka. Alikuwa amevaa viziba masikio, kama sheria inavyotaka, na ni mimi niliyevikagua asubuhi kwamba vimekaa sawasawa.

Alipomaliza nilimpa chupa ya maji. Aliipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kichwa kimeinama kidogo, adabu kamili kama nilivyomfundisha. "Asante, baba," akasema, kwa Kiswahili.

Alitimiza miaka kumi na sita wiki mbili baadaye. Ijumaa iliyofuata niliendesha hadi kituo cha mafuta, nikasubiri kwa muda wa saa tatu, halafu nikageuza gari peke yangu. Jumatatu nilirudi kwa yule mzee, nikabadilisha bunduki, wala hakunisimanga. Nikampigia binti kutoka pale pale nje ya duka.

"Nimechukua ya kushoto," nikamwambia. "Njoo uijaribu. Njoo tu, mwanangu. Nakuomba."

Akaongea Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Mimi nimeacha, baba. Hiyo kaa nayo wewe. Siku ile nilipokurushia funguo, niliona umezidaka na mkono gani."