Kaseti ya Mjomba na Betri Zilizochoka

Mwishoni mwa miaka ya sabini, aliyetaka muziki Iringa au Mbeya alijua pa kuanzia. Iringa, nilikofundisha shule ya msingi, kulikuwa na fundi redio karibu na soko. Ulimpelekea kaseti tupu na karatasi yenye orodha ya nyimbo, ukarudi baada ya wiki. Mbeya zilipatikana santuri zilizovuka mpaka wa Tunduma zikiwa zimefungwa ndani ya mablanketi. Nilipenda kutafuta, na mara nyingi nilipata. Wimbo ulionishinda ni ule alioutaka mama.

Wazazi wangu walihama na ng'ombe kutoka Usukumani, wakajenga nje kidogo ya Rujewa. Kaka yake mama alibaki. Alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, na tulisikia ametunga wimbo juu ya dada yake aliyekwenda kusini kufuata majani. Mama alikuwa hajamwona kwa miaka minane.

"Nyimbo za Wakongo unazipata," aliniambia. "Wa mjomba wako unakushinda nini?"

Nilimpa jamaa mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda kaskazini kaseti tupu, amfikishie binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliyekuwa na rekoda. Ilirudi baada ya miezi mitano, imeviringishwa kwenye kipande cha khanga. Likizo ilipoanza nilinunua betri sita mpya, nikapanda basi la Mbeya, redio kaseti yangu mapajani. Kaseti yenyewe sikuijaribu. Nilitaka mama awe wa kwanza kuisikia.

Tulikaa uani alasiri, mama, baba na mimi. Nikabonyeza. Ngoma ziliingia mbio, kisha ikapanda sauti nyembamba, kama ya mtoto wa miaka kumi.

Mama alisikiliza beti mbili. "Zima."

"Mama, ndiyo kwanza inaanza."

"Zima, mwanangu. Huyo si kaka yangu."

Akaingia ndani. Baba alinieleza kwa sauti ya chini, ingawa nilianza kuelewa mwenyewe. Katika ukoo wetu msiba haukupelekwa kwa barua. Aliyekuwa mbali alifichwa habari mpaka apatikane mtu wa kumweleza ana kwa ana. Bibi alipofariki, barua ziliendelea karibu mwaka mzima kusema anawasalimu. Sasa mama alikuwa ameomba sauti ya kaka yake, akaletewa mtoto anayeimba wimbo wa kaka yake. Kwake habari ilikuwa imefika. Hakulia. Nilimkuta ameketi kitandani, anafunga fundo la khanga yake na kulifungua.

Nilirudi uani nikaisikiliza tena, sikio langu likigusa spika. Baada ya ubeti wa nne, nyuma ya ngoma, mnyama alilia. Nikamwita baba.

"Huyu ni mnyama gani?"

Baba, aliyelala na kuamka na ng'ombe maisha yake yote, alinirudishisha utepe mara tatu. "Mlio ni wa ng'ombe," akasema, "lakini koo ni la mbuzi. Kwani huko kwetu wanafuga kitu gani siku hizi?"

Hapo nikaelewa. Binamu yangu alirekodi kwa betri zilizokaribia kwisha. Mashine yake iliuvuta utepe polepole; yangu, yenye betri mpya, iliukimbiza, na kila kilichokuwemo kikawa chembamba: mwimbaji, ngoma, hata ng'ombe. Ili tumsikie mjomba, ilibidi mashine yangu ichoke kama yake.

Wakati ule betri zilizoisha zilianikwa juani zipate nguvu kidogo. Hakuna aliyekwenda kwa mwenzake kuomba mbovu. Jirani yetu, mkulima wa mpunga, alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni.

"Mwalimu mzima! Betri mbovu unakwenda kuzipanda?"

"Nipe tu, kaka. Zile mbovu kabisa."

"Chukua. Na kunguni je, nikufungie?"

Nilizipanga mashineni, nikamwita mama. Alifika mlangoni, akasimama. Ngoma zilianza kwa mwendo wa watu wanaocheza kweli. Sauti bado ilikuwa ya kijana, lakini kadiri betri zilivyozidi kulegea ilishuka, ikawa ya mwanamume.

Mama akainua mkono. "Hapo. Hapo hapo, usiguse!"

Akaketi chini palepale. Mjomba alikuwa akimsimanga: dada yangu siku hizi anakula wali kila siku, kama aliyehamia kwenye harusi, ugali wa kwao atautambua?

"Mwongo huyu," mama akamjibu. "Mwongo tangu utoto!" Alicheka, akajifuta macho, akamjibu tena ubeti uliofuata, na uliofuata. Dakika chache tu. Kisha sauti ikaendelea kushuka, ikampita mjomba, ikawa ya mzee sana, ikakokota neno moja na kusimama.

Mama alibaki ametega sikio.

"Yu hai," akamwambia baba, kana kwamba baba ndiye aliyebisha. Kisha akanigeukia. "Nenda tena kwa jirani. Akuulize atakalouliza, wewe zichukue zote."